Fundi Aliyezidi Kazi ya Kajaga

Buyenzi, avenue ya kumi na sita, mbele ya garage ya Hamimu, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Hicho ndicho kijiwe chetu. Ukikaa kushoto unachafuka oili, ukikaa kulia unakula moshi wa jiko la Waridi, anayetuuzia kahawa ya tangawizi kwa glasi ndogo. Mimi cherehani yangu iko hapo pembeni, kwa hiyo nashona suruali za watu huku masikio yakifanya kazi yao nyingine. Wenyeji wa ubao ni watatu. Hamimu mwenye garage tunamwita Bulon, yaani bolti, kwa sababu hakuna neno asilolikaza mpaka likavunjika. Mzee Révérien tunamwita Kabine, kama ofisi ya waziri. Alilinda mlango katika wizara moja mpaka akastaafu, na bado anaongea kama mtu anayekuuliza una rendez-vous, yaani miadi, na nani. Ilias anatengeneza simu kwenye kibanda cha bati, naye ni Satelite, maana anasikia mambo kabla hayajasemwa. Sheria ya kijiwe ni moja tu: kahawa ikiisha, maneno yameisha, kila mtu anyanyuke aende zake. Waridi ndiye aliyeitunga, na sijawahi kuona ikivunjwa.

Asubuhi hiyo Raïssa alikuja akakaa katikati ya ubao bila kusalimia, na kwetu mtu asiyesalimia ana homa au ana msiba. Raïssa ni mtoto wa mtaa, binti wa mama Khadidja. Alisoma mashine za umeme mpaka akawa injinia, na siku alipopewa diplome mtaa mzima ulikula pilau. Bisibisi alijifunza kuishika kwa Hamimu, ambaye mpaka leo anamwita tonton, yaani mjomba. Sasa, kwa kuwa kazi za kiinjinia hazipo, anamsaidia Ilias kuchomea simu. Siku zile alikuwa akisubiri jibu la kampuni moja ya Kajaga inayohifadhi samaki kwenye vyumba vya baridi. Walitafuta fundi wa kuzitunza mashine. Alifanya mtihani wa kuandika, akafanya wa mikono, akaongea na wakubwa, na sisi kijiweni tulishaanza kumpangia mshahara.

Hamimu — Waridi, mupe mutoto glasi. Raïssa, sema. Wamekuita?

Raïssa — Wameniita, tonton. Wamekataa.

Hamimu — Wamekataa juu ya nini?

Raïssa — Wamesema niko surqualifiée.

Macho yote yakamwendea mzee Révérien, kwa kuwa Kifaransa cha kijiwe hutunzwa na yeye.

Révérien — Maana yake amezidi. Kazi ni ndogo, yeye ni mukubwa. Ni neno ya heshima, ile. Ni compliment.

Raïssa — Compliment hailiwi, muzee.

Hamimu — Kuzidi namna gani? Mutu anazidi pombe. Anazidi uongo. Kazi unaizidi wapi? Mi nafungua moteri ya lori. Sasa ya pikipiki nimeizidi, nisiiguse?

Ilias — Mutihani wa mikono uliushinda?

Raïssa — Niliushinda. Walituweka mbele ya compresseur, ile pampu ya baridi, iliyokataa kuwaka. Wenzangu wawili walifungua mashine nusu nzima. Mi nilisikiliza kidogo, nikaona ni relais tu, ile swichi ndogo, imekufa. Chef akanipa mukono, akasema tutaonana.

Hamimu — Ndio kosa lako. Haraka haraka haina baraka. Ungefungua nusu kama wenzako. Mi nikijua ugonjwa wa gari saa ile ile, naizunguka mpaka adhuhuri. La sivyo mwenyewe anasema sikufanya kitu.

Waridi — Tunajua. Wateja wako ndio wanamaliza kahawa yangu.

Raïssa — Si hiyo, tonton. Kule Kinindo, kwa watu wa ONG, wale wa misaada, walinikataa mara mbili na neno hili hili, juu ya diplome. Kwa hiyo hii mara sikuiandika. Niliandika ile ya sekondari tu, ya A2. Ya injinia niliiacha kabatini, chini ya vitenge vya mama. Sikumuambia mutu. Niliona aibu.

Aliyasema hayo akiitazama glasi. Nilisimamisha cherehani. Mtoto aliyetulisha pilau kwa ajili ya diplome, leo anaificha chini ya vitenge kama kitu cha wizi. Iliniuma, nisifiche.

Wakati huo akaingia mtu tusiyemjua, akisukuma tairi. Alisema anaitwa Bonfils, ametoka Ruziba na pickup ya tomate, ameshusha sokoni, anaelekea Kajaga kuchukua samaki, na tairi imempasukia hapo kona ya pili. Hamimu aliitazama tairi kwa jicho moja, akasema hii ni ngumu, itachukua muda, kaa kwanza unywe kahawa. Mgeni akakaa kwenye ncha ya ubao, upande wa oili. Hamimu hakuigusa tairi.

Révérien — Mi nitawaeleza, juu nimekaa kwenye mulango miaka mingi. Yule chef diplome yake ni ndogo. Kila asubuhi akimuona Raïssa, kiti kitamuchoma. Mutu wa chini hawezi kumuzidi mutu wa juu, ata kwa urefu. Sisi tulikuwa na mukubwa mumoja mufupi, na dereva wake tulimutafuta mufupi.

Raïssa — Lakini hakujua kama nina diplome ingine, muzee.

Révérien — Wakubwa wanahisi.

Ilias — Apana, sha. Ni simu. Simu ya Raïssa imejaa video za moteri. Ukiingia ofisini kwao, wifi yao inafyonza yote. Kabla hujakaa kwenye kiti, imeshawaambia huyu ni injinia.

Raïssa — Sikufungua wifi yao, Ilias.

Ilias — We ndio hukufungua. Yenyewe haiombi ruhusa.

Hamimu — Mambo ya simu ni ya watoto. Mi nauliza hivi: ndani ya vile vyumba vya baridi muko nini?

Révérien — Samaki.

Hamimu — Nani amewaona? Kampuni inayokataa fundi anayejua, inatafuta fundi asiyeuliza. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi.

Waridi — Hiyo inahusu nini hapa?

Hamimu — Inahusu. Fikiria pole pole.

Ilias — Bulon ana haki. Mi nasikia si samaki. Mwaka jana mvua ilichelewa, kweli ama si kweli?

Révérien — Kweli.

Ilias — Na kampuni ilifunguliwa lini? Mwaka huo huo. Wanagandisha mvua. Baadaye watatuuzia. Sasa unafikiri injinia angeingia mule akose kuona?

Révérien — Kugandisha mvua lazima upate ruhusa ya wizara tatu. Mi ningeziona karatasi zikipita.

Hamimu — Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Hapo hata Waridi hakuuliza. Raïssa alicheka kidogo, nasi tukafurahi kwamba angalau tumempa hicho. Walikuwa wameanza kubishana mvua iliyogandishwa inauzwa kwa kilo au kwa ndoo, mgeni wa tairi alipokohoa.

Bonfils — Munisamehe, wazee. Mi ni mutu wa tomate, mambo ya diplome siyajui. Lakini dada amesema aliificha. Sasa hao watu walijulia wapi?

Ilias alianza kusugua kioo cha simu ambayo tayari ilikuwa safi. Mzee Révérien alivua kofia, akaitazama kwa ndani. Raïssa ndiye aliyegeuka pole pole, akawatazama mmoja mmoja.

Raïssa — Waliniomba majina ya watu watatu wanaonijua. Nilitoa yenu. Waliwapigia?

Révérien — Mwanamuke mumoja alipiga. Ana adabu sana, yule mama.

Raïssa — Ukamuambia nini, muzee?

Révérien — Ukweli. Nilisema huyu ni injinia, diplome yake ni ya distinction, na mimi mwenyewe nilikula pilau yake. Nikasema kama kuna haki, angekuwa waziri.

Raïssa — Na we, Ilias?

Ilias — Mi diplome sikuitaja. Nilisema tu unaongea na Wachina kwa Kichina yao.

Raïssa — Sijui Kichina.

Ilias — Vipande vya simu unavitambua vyote, na viko na Kichina juu yake.

Raïssa — Tonton Hamimu.

Hamimu alichukua muda kufuta mikono.

Hamimu — Mi aliniuliza neno moja tu. Alisema, huyu mutoto tukimupa kazi, atakaa? Nikamujibu, akae? Madame, huyu anatafutwa. Watu wa Dubai wamekuja mara mbili kumuulizia. Fanyeni mbio, mutamukosa.

Hapa lazima niwaeleze wasio wa Buyenzi. Posa ikikaribia, watu wa upande wa mwanamume huzunguka mtaani kimya kimya wakiuliza habari za binti, nasi majirani tuna wajibu wetu. Tunamsifu mpaka wanaouliza wanaogopa. Kisha, kabla hawajaondoka, tunaongeza kwamba kuna wengine wameshakuja kumuulizia, hata kama hakuna aliyekuja. Si uongo kwetu, ni ulinzi. Anayeoa ajue kwamba haokoti. Mama zetu walifanya hivyo, na ndoa nyingi za mtaa huu zimesimama juu ya wachumba ambao hawakuwepo kabisa. Sasa wenzangu watatu, kila mmoja kwa siri yake na kwa moyo wake mweupe, walikuwa wameipokea simu ya kazi namna ile ile.

Hamimu — Sikusema kwa ubaya. Mutu akimuulizia binti ya kwetu, tunamupandisha. Ndivyo tulilelewa.

Waridi — Chema chajiuza, Bulon. Kibaya ndicho kinajitembeza. Na nyinyi mumemutembeza mupaka Dubai.

Ilikuwa methali ya kwanza kutumiwa sawasawa kijiweni tangu nilipoweka cherehani hapo, na hakuna aliyefurahi kuisikia. Raïssa hakulia. Angelia ingekuwa nafuu kwetu. Alikaa tu na glasi yake, na kahawa ndani ilikuwa imepoa.

Hamimu — Bon. Mi nimeharibu, mi nitatengeneza. Nawapigia sasa hivi, nasema we ni fundi wa kawaida.

Révérien — Jaribu kwanza hapa, tusikie.

Hamimu alijiweka sawa, akashika simu iliyozimwa sikioni.

Hamimu — Allô, madame. Ni Hamimu wa garage. Ile siku nilizidisha. Raïssa ni fundi wa… wa ka… Madame, huyu mutoto akiwa mudogo alifungua démarreur, ile starta ya lori, peke yake, akairudisha, na bulon hata moja haikubaki.

Révérien — Umeharibu tena.

Ilias — Nipe mi. Allô, madame. Yule Raïssa hajui sana. Juzi tu walituletea simu iliyoanguka ziwani, imelala majini mupaka asubuhi, yeye akaikausha, akaigusa hivi…

Waridi — Ilias, weka simu chini.

Walijaribu wote watatu. Hakuna aliyeweza kumshusha hata ngazi moja. Watu wanaoweza kusema wakubwa wamefungia mvua kwenye friji walishindwa kusema kwamba binti wa jirani ni wa kawaida. Mgeni aliwasikiliza mpaka mwisho, akasogea kidogo kwenye ubao.

Bonfils — Na yeye je? Angekaa?

Ni swali dogo. Ni lile lile la yule mama wa simu. Nilitazama ubao mzima nikaona kwamba hakuna anayejua. Ukweli ni kwamba sisi sote, hata mimi, tulikuwa tumeshamsafirisha Raïssa kichwani. Mtu wa diplome kama ile huondoka, ndivyo tulivyozoea. Kaka zake wawili walikuwa wameshaondoka.

Raïssa — Hakuna mutu aliniuliza. Kampuni haikuniuliza, iliwauliza nyinyi. Na nyinyi hamukuniuliza.

Hamimu — Tunakuuliza sasa, mwanangu.

Raïssa — Faruk alienda Canada, Anouar akaenda Oman. Mama anaongea nao mupaka betri inaisha, halafu anabaki ameshika simu imezimika. Mi nilimuambia nabaki. Na sikusema kwa kumuhurumia. Napenda hapa. Nataka kazi ya kutoka jioni nikarudi kwetu. Nataka ile mashine ikianza kulia vibaya, niwe mi ndio naijua sauti yake. Munasema kazi ni ndogo. Kwangu si ndogo.

Alisema pole pole, bila kumlaumu mtu, na ndiyo maana yalituingia. Waridi alifuta macho, akasingizia moshi. Siku hiyo moshi ulikuwa ukienda upande wa pili.

Bonfils — Dada, mi napita Kajaga. Tairi ikiwa tayari tunaenda, unawaambia hivi hivi ulivyotuambia.

Waridi — Na diplome uichukue. Usiifiche tena. Kama watakukataa, wakukatae wewe muzima.

Raïssa alikwenda nyumbani, akarudi na diplome imefungwa kwenye kitenge cha mama yake. Alipofika, tairi ilikuwa imeshafungwa. Hamimu mwenyewe alikuwa ameinama, akaifungua, akaiziba, akaijaza upepo, na hakuizunguka mpaka adhuhuri. Bonfils alimtazama kama mtu anayetaka kuuliza ile ngumu imekwenda wapi, lakini ana adabu, alipanda gari tu. Pickup ikaondoka na Raïssa amekaa mbele, ameweka kitenge mapajani.

Tulibaki tukinywa kidogo kidogo ili kahawa isiishe. Ilias alijaribu nadharia moja kuhusu barafu na mwezi, haikupata mpinzani, ikafa. Jua lilikuwa limepinda simu ya Hamimu ilipolia. Namba ni ile ile ya yule mama wa kampuni. Alibonyeza sauti kubwa, akaiweka simu katikati ya ubao, pale alipokuwa amekaa Raïssa.

Mwanamke — Bwana Hamimu, Raïssa yuko hapa mbele yangu. Ameniletea diplome yake. Anasema hataondoka. Wewe uliniambia watu wa Dubai wamekuja mara mbili. Sasa mimi nimuamini nani?

Namjua Bulon. Nilijua ulimi unataka kusema si mara mbili, ni mara tatu, na Doha vilevile. Mzee Révérien alimwekea mkono begani.

Hamimu — Muamini yeye, madame.

Mwanamke — Na Dubai?

Hamimu — Dubai tuliiongeza sisi.

Mwanamke — Kwa nini?

Hamimu — Juu tunamupenda.

Kwenye simu tulisikia kwa mbali mashine zikinguruma, labda ndizo zile za baridi. Kisha yule mama akasema haya, asante, na simu ikakatika.

Ilias — Hiyo ilikuwa asante ya ndiyo ama asante ya apana?

Sote tulimgeukia mzee Révérien, aliyezisikia asante za kila aina pale mlangoni kwake. Alivaa kofia, akaivua tena.

Révérien — Sijui.

Waridi alilinyanyua birika, akalitikisa, akaliinamisha juu ya glasi ya Hamimu. Yalitoka machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa sheria tulipaswa kuondoka. Nilitazama ubao. Hakuna aliyenyanyuka. Waridi mwenyewe aliacha jiko lake, akazunguka, akapangusa oili kwa pembe ya kanga, akakaa nasi upande wa kushoto, uso ameuelekeza barabara ya kutoka Kajaga.